Kioo Kisiitwe Jiwe

Somoe,

Una haya, lakini umeziweka mahali pasipo pake. Ulipaswa kuona haya kusema uongo, wewe umeona haya kusema kioo. Umemwambia mwenye karakana ya kukata mawe wa Arusha kwamba bibi yako anang'arisha mawe ya thamani. Lini? Mawe gani? Mimi nasugua vioo. Nachingwea inajua, Ruangwa inajua, na wewe uliyekulia kando ya ndoo yangu unajua kuliko wote. Salamu nitakupa ukishazistahili.

Sasa hivi umekwenda Chiola kumuaga shangazi yako. Utarudi jioni, nyumba itajaa watu, na alfajiri utapanda basi. Maneno haya sitayasema mbele ya watu wanaokuja kukuombea dua, ndiyo maana nayaandika. Nimeishia darasa la nne, herufi zangu kubwa na zinapinda, lakini zinasomeka. Usimpe mtu akusomee.

Mambo ya kula, kulala, kufua na wanaume sikuandikii. Mama yako mdogo amekuhutubia hayo wiki nzima, mpaka na mimi nimeyakariri.

Nimejuaje? Juzi ulipokwenda mashineni kusaga, simu yangu iliita. Namba siijui. Mwanamke, sauti ya heshima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Mimi ndiye mwenye karakana, nitakayempokea Somoe. Simu yake haipatikani, alinipa na hii yako. Anasafiri lini?"

Nikamwambia siku. Akashukuru. Kisha akasema, "Bibi, nimeziona zile picha alizonitumia. Jiwe moja, juani zambarau, chini ya taa bluu. Wengi wanaoomba kwangu hawajawahi kushika jiwe la namna hiyo. Linatoka shimo gani huko kwenu?"

Nilikuwa nachambua choroko, nikaendelea kuchambua.

"Bibi, unanisikia?"

"Nakusikia. Somoe akifika muulize mwenyewe. Ndiye anayekuja kwako, mimi sisafiri."

Akacheka. "Haya bibi, wazee wa machimbo mna siri zenu. Sitakulazimisha."

Amedhani nalinda shimo. Mimi sina shimo, nina ndoo ya rangi na motor ya feni mbovu. Lakini simu ilipokatika, uongo wako ulikuwa umeshahamia kwangu, na sikuupenda. Sikukuambia uliporudi na unga. Nilitaka kwanza nijue nakuambia nini. Nikaenda kulifungua kopo la vioo vilivyokwisha kusuguliwa, nikakuta vipande vitatu havipo. Nikajua vimo kwenye begi lako.

Unadhani unajua habari ya kioo hiki kwa sababu shuleni walikuita mjukuu wa Bi Chupa. Umesikia sehemu ya kuchekesha tu. Nitakupa na iliyobaki, maana babu yako hayupo tena na wengine wanaojua wanaisimulia vibaya.

Babu yako alikuwa mkulima wa ufuta. Wakati ule watu wote walikuwa wanakimbilia machimbo upande wa Ruangwa, na yeye akaenda na jembe lake lile lile la shambani. Alikaa huko mpaka nikaanza kuulizwa kama nimeachwa. Siku aliyorudi alikuwa na bonge limefungwa kwenye kitambaa, kubwa kama ngumi ya mtoto. Akaniita nje, akalifungua juani. Zambarau nyepesi, kama ua la mbilingani. Akaniambia nifumbe macho. Akanishika mkono mpaka dukani kwa jirani, ambako kulikuwa na taa ile ndefu nyeupe. Akasema fumbua. Likawa bluu, bluu ya maji yenye sabuni.

"Umeona?" akaniuliza. "Chupa inaweza hivyo?"

Chupa ndivyo wachimbaji wanavyoita jiwe bandia la kioo, lakini mimi chupa nilizokuwa nazijua ni za soda na za dawa. Hazibadiliki. Nikasema haiwezi.

Hapo tukafanya kosa ambalo sijui kama watu wa kwingine wanalifanya, lakini sisi tulilifanya kwa moyo mmoja. Kabla mnunuzi yeyote hajaliona, tulitoa sadaka. Nilishauri mimi. Nilisema riziki ikiingia ndani bila kushukuriwa hutoka. Tukachinja mbuzi, tukapika pilau, tukawaita watu wa Malolo kwetu na wa Matambarale kwa ndugu zake, maalimu akaja na wanafunzi wake. Bonge likawekwa kwenye sinia juu ya kitambaa cheupe, likafukizwa ubani. Watu walipita mmoja mmoja kulitazama. Wanawake walinikumbatia kama niliyejifungua.

Siku ya tatu mnunuzi akaja na lenzi yake. Hakuwa mtu mbaya. Aliligeuzageuza, akaligusisha mdomo wa juu, akaniita mimi, si babu yako. Akanipa lenzi.

"Mama, tazama ndani. Unaona nini?"

"Vitone vya duara."

"Hayo ni mapovu. Jiwe halivuti pumzi. Hiki kilivuta pumzi kikiwa motoni. Wapo wanaovitengeneza makusudi, vinabadilika rangi kama unavyoona, na wapo wanaokuja kuvifukia kwenye mashimo ya watu."

Nani alikifukia, na kwa nini kwenye shimo la babu yako, sijui mpaka leo. Mnunuzi akanywa chai, akaondoka.

Jioni ile ile mtani wetu mmoja wa Kiyao, aliyekula sahani mbili kwenye sadaka, alipita mbele ya nyumba akasema kwa sauti, "Jamani, pilau tumeshalila, halirudi. Chupa yenu mtajua wenyewe." Watu wakacheka barabara nzima. Na mimi nilicheka, Somoe. Ilikuwa inachekesha. Babu yako ndiye hakucheka. Alichukua lile bonge akaelekea nalo chooni. Nilimkuta amesimama mlangoni mwa choo, nikamnyang'anya.

"La nini?" akaniuliza.

"Zuri."

"Ni chupa."

"Sikusema si chupa. Nimesema zuri."

Maneno yetu kuhusu jambo hilo yaliishia hapo. Alirudi kwenye ufuta. Siku za mnada alikuwa akipita njia ya nyuma, na hilo lilimchukua muda mrefu kuliacha. Mimi nilipita njia ya mbele. Waliponiita Bi Chupa niliitika. Ukiitika mara ya kwanza na ya pili, ya tatu wanaona kazi.

Kukisugua nilianza kwa sababu kilikuwa na kona kali, kilinikata nilipokiweka kwenye sanduku la nguo. Nilikivunja kwa nyundo ndani ya gunia, nikachukua vipande, nikavisugua kwa majani ya msasa kama wachonga vinyago wanavyosugua mpingo. Nilisugua mpaka vidole vikaota sugu, kioo kikanitazama tu. Ndipo fundi baiskeli akaniambia kwamba mto haukai ukisugua jiwe moja moja, unayabingirisha yote pamoja. Nikatafuta ndoo ya rangi yenye kifuniko. Ndani nikaitandika tyubu ya tairi ili isipige kelele, nikailaza juu ya vyuma viwili vinavyozunguka, nikaifunga mkanda kwenye rimu ya baiskeli. Kwanza iliendeshwa kwa pedeli, na pedeli hizo wewe unazijua. Umeme ulipofika nyumbani kwetu ndiyo nikapata ile motor ya feni.

Makosa yangu nakuandikia kwa sababu utakwenda kufanya kazi hii kwa watu, na huko wengine watakuwa wanakosea kwa mali ya mwenye karakana. Mimi nilikosea kwa mali yangu.

La kwanza ni la kinu. Nilihitaji kitu kikali cha kukwangulia kioo, nikapewa na mafundi wa kuchomelea mabaki ya yale mawe yao ya kukatia vyuma. Nikayatwanga. Kinu nilikuwa nacho kimoja. Nilikiosha, nikakianika, kesho yake nikatwangia muhogo mkavu. Babu yako alichukua tonge la kwanza, akatafuna, akasimamisha taya.

"Mwanamke," akasema, "leo tunakula jiwe au chupa?"

Hilo ndilo neno la kwanza la utani alilosema tangu siku ya mnunuzi. Nilifurahi nikaficha. Kinu nilinunua kingine.

La pili ni la maganda ya korosho, na hilo ni la upumbavu kabisa, maana hakuna mwanamke wa huku asiyejua mafuta ya ganda la korosho yanavyokula ngozi. Vioo vikibingirika peke yake vinagongana na kumegeka kingo, vinataka kitu laini katikati. Maganda yalikuwa yamejaa uani, msimu wa kubangua umeisha. Nikajiambia haya yamekaangwa, mafuta yamekwisha. Nikajaza ndoo nikaiwasha. Nilipofungua, maji yalikuwa meusi kama chai ya msiba, na mimi nikaingiza mikono yote miwili kutafuta vioo vyangu. Ngozi ilibabuka viganja vyote. Majirani walikuja kunipa pole wakidhani ni maradhi. Nilikaa nikilishwa na mama yako kama mtoto. Yeye alikuwa na mimba yako, akicheka kila tonge.

Baada ya hapo nikatumia magunzi ya mahindi yaliyokatwakatwa. Yapo kila nyumba, hayamchomi mtu, na sikuyafikiria mpaka nilipokuwa sina ngozi.

La tatu lilinichukua miaka kulielewa. Unga wa kukwangulia unataka hatua, mkali kwanza, mwembamba baadaye, na wa mwisho kabisa ule wa kung'arishia. Niliutenganisha kama tunavyotenganisha wanga wa muhogo. Unakoroga kwenye beseni, mzito unazama, maji yenye ukungu unayamimina beseni jingine, unaacha yatulie, unapata mwembamba. Hilo nililijua bila kufundishwa. Lakini vioo vyangu vilikuwa vikitoka na mikwaruzo kila mara. Nikaulaumu unga. Nikalaumu maji ya kisima. Siku moja nikaichomoa tyubu ndani ya ndoo, nikakuta punje za ule mkali zimejificha kwenye mkunjo. Nilikuwa naosha ndoo, siioshi tyubu. Punje chache tu, na kila nilichokipitisha pale kilikwanguliwa upya.

Usianze kutafuta fumbo hapo. Nakuambia uoshe tyubu.

Kioo chenyewe sikupungukiwa. Habari zilipoenea kwamba yupo mwanamke Nachingwea anayependa chupa zinazobadilika, madalali walioumizwa waliniletea. Mtu amekuja na kitu amekishikilia kama kifaranga, amekwenda kwa mnunuzi, ameambiwa ukweli, anapita kwangu jioni amekunja uso. "Bi Chupa, chukua, sitaki kukiona." Nilipokea. Wengine walikaa kidogo, wakaomba maji, wakalia. Sikuwafariji. Niliwapa kazi ya kukata magunzi.

Na nilivyovisugua sikuviuza. Unajua vilikokwenda. Wasichana wakitoka unyago niliwapa kimoja kimoja, wakavining'iniza shingoni. Na wale wazee wa bao dukani niliwapa kete za bao zima, kisha nikajuta, maana Mzee Chimbuli alicheza alasiri yote akishinda, taa ya baraza ikawashwa, kete zikawa bluu.

"Mmebadilisha," akasema.

"Nani abadilishe, mikono yetu unaiona?"

"Kete zangu zilikuwa zambarau. Hizi nyingine. Mchezo ufutwe."

"Mzee, zote zimebadilika, hata zangu."

"Basi na wewe umeibiwa. Tumtafute mwizi."

Wewe ulikuwa umekaa miguuni kwangu, ukacheka mpaka ukajikojolea. Ulikuwa mkubwa wa kutosha kutojikojolea. Babu yako alikubeba mpaka nyumbani na kuniambia, "Mke mwenzako huyu hana adabu, nitamrudisha kwao." Hiyo ndiyo siku niliyomwona anapita mbele ya mnunuzi wa mawe bila kugeuza uso. Alikuwa na mkojo wako mgongoni na hakujali mtu.

Kwa hiyo sielewi, na nakuuliza kweli, hayo uliyoyaonea haya ni yapi. Kioo hiki kimekulea. Ulijifunzia rangi kwa hiki. Ulipomaliza kidato cha nne ukawa unakaa kubangua korosho za watu na kununa, niliyekuweka kwenye ndoo ni mimi, na mkono wako ukawa mzuri kuliko wangu. Nakuambia hilo mara moja tu, sitalirudia. Vile vipande vitatu ulivisugua wewe, mwanzo hadi mwisho, mimi sikugusa. Havina mkwaruzo. Ulipaswa kuandika: hiki ni kioo, nimekisugua mwenyewe kwa ndoo na motor ya feni, nifundishe jiwe. Mwenye karakana angekukataa au angekukubali. Badala yake amemkubali mtu ambaye hayupo.

Na atajua. Usijidanganye kwamba picha ni kitu. Ukifika ataomba akione, atakigusisha mdomo kama yule mnunuzi alivyofanya, atasikia kina joto. Jiwe mdomoni ni baridi, hilo nilikufundisha ukiwa mdogo. Kabla hujakaa kwenye kiti, atakuwa ameshakujua. Kisha kila jiwe la mteja litakalopotea pale, hata likiwa limeanguka chini ya meza, macho yatakuja kwako kwanza. Hutaondokana na jina hilo la mwongo. Mimi niliitwa Bi Chupa nikaitika kwa sababu lilikuwa kweli. Jina la uongo huwezi kuliitika, unaligeukia tu kila likitajwa.

Sikupi habari za dini, za maalimu unazo. Nakupa hesabu ya mambo yalivyo. Nafasi hii uliililia. Ukisema kweli unaweza kuikosa. Najua. Nimekaa tangu juzi nikiligeuza hilo, na sikupata njia nyingine. Ukisema wewe kabla hajakiona, atakuwa na mtu aliyesema uongo akaufuta mwenyewe. Akigundua yeye, atakuwa na mwongo. Wa kwanza anaweza kumpa ufagio afagie karakana mpaka amwamini. Wa pili atampa nauli, na pengine hata hiyo asimpe.

Akikurudisha, rudi. Chumba chako sitampa mpangaji mpaka nisikie umekaa vizuri. Utakuja tutasugua, na watu watacheka, na tutakuwa tumeshazoea. Lakini usirudi umefukuzwa kwa sababu ya kitu ambacho ungekisema kwa neno moja.

Mimi sitampigia. Nilikuwa na simu mkononi jana mchana, nikaiweka. Nikisema mimi, utafika kule ukiwa mjukuu aliyesemewa na bibi yake, na hiyo haikufai. Ila akinipigia tena akaniuliza habari ya shimo, na wewe hujasema, nitamwambia yote, sitapunguza neno, nitaanzia kwenye pilau.

Vile vipande vitatu sivitaki virudi koponi. Nenda navyo. Mwonyeshe, ila kwa jina lake.

Leo jioni ukirudi kutoka Chiola utanikuta kama kawaida, nitakufokea kuhusu begi, nitakupikia. Usitafute kitu usoni mwangu. Barua hii nitaitia ndani ya kiatu chako cha kulia wakati unaoga, utaikuta ukivaa, na nakukataza kuifungua hapa nyumbani. Isome mkiwa njiani.

Salamu sasa nakupa, maana najua utafanya ninachokuambia. Uwe salama, mke mwenzangu.

Basi likifika Nangurukuru litasimama watu wale. Usiende kwenye chipsi. Shuka, sogea mbali na kelele za wauza korosho, mpigie yule mama, umsalimie vizuri, umwambie ni kioo. Msubiri aseme yote anayotaka kusema, usimkatize. Ukimaliza hapo ndiyo ule.

Bibi yako